Mbili, Mbili, Mbili, Nne

Asubuhi mbili, jioni mbili, usiku mbili,
kisha siku nne, na ya kwanza si yangu:
hiyo hukatwa na usingizi, kama kodi.
Ndivyo kiwanda cha karatasi kinavyohesabu,
na mimi, mwaka wa kumi na tisa sasa,
nahesabu nacho.

Jua la huku Kemi halisaidii.
Desemba huchungulia saa sita mchana
kama mtu aliyesahau funguo,
likazichukua, likaenda zake.
Juni hukaa mpaka likachosha.
Nalala saa moja asubuhi, madirisha nimeyaziba
kwa karatasi ya kuokea samaki.
Jirani anadhani kuna kitu naficha.
Naficha usiku. Kidogo nilichobakiwa nacho.

Muuguzi wa kiwanda, Bi. Sinikka,
alinizungushia utepe kiunoni, akanyamaza,
akauzungusha tena, labda utepe ulikosea.
Presha akaisoma kwa sauti ya kuomba radhi.

Basi nikachora ratiba: Jumatatu mbio,
Jumatano vyuma, Ijumaa bwawa la kuogelea.
Jumatatu ipi? Yangu huangukia Alhamisi,
wiki inayofuata huangukia usingizini.
Ratiba ilikaa mlangoni pa friji hadi Pasaka,
ikanona yenyewe, kwa mafuta ya vidole vyangu.

Saa tisa usiku mwili huomba sukari
kama mtoto aliyeshikwa mkono dukani.
Nimekula maandazi ya mdalasini nimesimama,
mashine namba tatu ikinguruma mgongoni,
si kwa njaa,
kwa kutafuta ushahidi kwamba niko macho.

Veijo, aliyekimbia mbio ndefu mara sita,
alitoka langoni baada ya usiku wa pili
akaunganisha moja kwa moja na barabara ya ghuba.
Anaapa alisinzia huku miguu ikienda.
Kilichomwamsha ni mtaro, theluji mpaka masikioni.
"Ukitoka usiku, lala," aliniambia,
pua bado ina plasta.
"Ushujaa una siku yake."

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Nami nikitoka zamu ni mgeni nyumbani mwangu,
sijui sukari imehamia kabati gani,
namsalimu mwanangu Ilmari kwa jina la mbwa.
Siku mbili naukirimu mwili huu: supu ya mbaazi,
mkate mweusi, joto la sauna, kitanda.
Ya tatu naupa jembe,
yaani koleo, na theluji ya ua mzima,
yangu, kisha ya yule jirani mwenye shaka.
Ya nne nafunga mbao za kutelezea miguuni
nikavuke mto uliolala kuliko mimi.

Mbwa hana zamu. Kwake kila saa ni saa ya kutoka.
Siku nyingine yeye ndiye mwalimu wangu wa mazoezi,
mwalimu anayekojolea kila nguzo.

Marketta yuko benki, saa za watu.
Tunakutana barazani, yeye akivaa viatu,
mimi nikivua.
"Umekula?" "Umelala?"
Kuna ndoa zimeishi kwa maneno mengi zaidi
na hazikufika tulipofika.

Kiuno kimepungua vidole viwili. Desemba kilirudi kimoja.
Sina cha kumfundisha mtu.

Ila kuna ngazi za mnara, mia moja na nane.
Mara moja kila zamu, karatasi ikienda bila kukatika,
nazipanda, kofia ngumu kichwani,
karoti mfukoni, moyo ukibisha hodi kila mahali.
Ya sitini na moja ina dirisha.
Hapo hupumzika, na husema ni kwa ajili ya mandhari.
Alfajiri ya leo, ng'ambo ya ghuba, kwenye giza lote lile,
taa ya jikoni kwetu imewaka.
Kaamka. Anatafuta soksi, anamfokea mbwa.
Nikafuta ukungu wa pumzi yangu kiooni,
nikazipanda arobaini na saba zilizobaki.